Malalamiko Juu ya Kiti cha Marehemu Mwalimu Wamboga

Baraza la duka la Chimanlal,
Mbale.
Alhamisi, 14 Agosti 1958

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Mpira ya Namatala, Bwana Yakub Wamboga, ambaye pia ni shemeji yangu,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima. Sisi nyumbani tu wazima. Dada yako Khainza angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia. Akijua atataka nimsomee, na nikimsomea haitakufikia.

Najua utashangaa. Tunasali safu moja, viatu vyetu vinalala pamoja mlangoni mwa msikiti, kisha ninakuletea barua kama karani wa Bwana DC. Sababu ni mbili. Ni wewe mwenyewe uliyesema mbele ya kamati kwamba lalamiko lisiloandikwa ni umbea. Na ninayemlalamikia ni baba yako.

Namlalamikia marehemu Mwalimu Wamboga, mkwe wangu, aliyeifundisha timu yetu kabla ya vita na baada ya vita, akaleta Kikombe cha Ghanshyam hapa Mbale mara nyingi hata mwenye kikombe akauliza kama tunataka akijengee nyumba huku. Mungu amrehemu, ailaze roho yake pema. Nilimwuliza Sheikh kama inafaa kumlalamikia mtu aliye kaburini. Akanijibu kwamba tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema. Nikamwambia, Sheikh, hilo ndilo tatizo lenyewe, hapa mjini hatajwi kwa kingine.

Keshokutwa Jumamosi tunakwenda Jinja kucheza fainali ya kikombe hicho. Ijumaa inayofuata, baada ya sala, kamati yako itakaa kuamua kama niendelee kuwa mwalimu wa timu au nafasi yangu apewe Bwana Magidu wa Jinja, yule kijana mwenye cheti na ubao wa kuchorea. Sipingi kamati kukaa. Ninaomba tu kwamba kabla hamjanihukumu, mjue ni nani hasa anayeifundisha timu hii. Nayaandika kwa nambari ili katibu asipate taabu.

1. Kiti. Siku ya arobaini ya marehemu, kamati iliamua kiti chake kiendelee kuwekwa pembeni mwa uwanja, mahali pale pale alipozoea kukaa, mpaka kikombe kirudi. Nami nilinyoosha mkono kukubali. Nilidhani ni jambo la mechi moja, mbili. Wakati ule bwawa la Jinja lilikuwa bado linajengwa. Sasa bwawa limekwisha, umeme umefika, na kiti bado kipo. Ni kiti cha mvule alichokitengeneza Balwant Singh, kizito, kwa sababu na marehemu alikuwa mtu mzito. Wachezaji wakiingia uwanjani hukiamkia kwanza, ndipo wanikumbuke mimi. Mvua ile ya Aprili ilipotushika tukicheza na Tororo, mwavuli wa klabu ulifunguliwa, ukashikwa na wachezaji wawili wa akiba, juu ya kiti. Mimi nilisimama hatua chache kutoka hapo na kanzu yangu. Mechi ilipokwisha kiti kilikuwa na tone moja mkononi, wakalifuta kwa koti langu, kwa kuwa koti, walisema, limeshalowa.

2. Mgongo. Hili halikuandikwa na kamati, limeandikwa na desturi, na wewe unalijua kuliko mimi. Kwetu mtu hampi mkwewe mgongo. Hapiti mbele yake kwa kishindo, hakai alipokaa yeye. Sasa fikiri, shemeji. Kiti kiko kwenye kona ya upande wa mlima Wanale. Mimi ninasimama katikati ya mstari. Nikitaka kumheshimu mkwe wangu lazima niuelekee Wanale mwanzo mpaka mwisho. Goli la upande wa stesheni liko kisogoni mwangu. Kwa miaka yote hii ninaifundisha nusu ya uwanja. Yanayotokea ile nusu nyingine ninayajua kwa sauti. Watu wakipiga kelele za furaha najua tumefunga, wakinyamaza najua tumefungwa, wakicheka najua ni beki wetu wa kulia. Bwana Chimanlal aliwahi kuniuliza kwa nini sikugundua kwamba winga wa Soroti alikuwa ameotea mara tatu. Ningemjibuje Mhindi wa watu? Nilimwambia jua lilinipiga machoni.

3. Sauti. Unajua kwamba mimi ndiye ninayeadhini alfajiri. Akina mama wa ng'ambo ya mto Namatala huniambia wanaamka kwa sauti yangu, wengine kwa shukrani, wengine kwa manung'uniko. Lakini mbele ya mkwe mtu hapazi sauti. Kwa hiyo uwanjani ninanong'ona. Ninamwambia beki, "Baba, rudi nyuma kidogo," naye yuko mbali kama kutoka hapa hadi sokoni. Kisha nasikia watu wakisema, "Huyu Sulait hana moto. Wamboga akiita, hata nyani wa Wanale walijipanga."

4. Ushindi. Tukishinda, ni roho ya marehemu. Tukishindwa, ni Sulait. Nimekaa nikalipima jambo hili kama fundi apimavyo kitambaa, mara mbili kabla ya kukata, na nikaona kwamba tangu afariki, Mwalimu Wamboga hajashindwa hata mechi moja. Alipokuwa hai alishindwa. Alishindwa na Soroti, alishindwa na askari polisi, na kuna mwaka alishindwa na timu ya mapadri, akala chakula cha jioni amegeukia ukuta. Hayo hayatajwi siku hizi. Kifo kimemwongezea ujuzi wa mpira kwa namna ambayo mimi niliye hai siwezi kushindana nayo.

5. Maneno. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilicheza chini yake winga wa kushoto ujana wangu wote na nakumbuka maneno yake karibu yote: "Kimbia," "Amka," na "Mpira si mke wako, uachie." Lakini tangu azikwe amekuwa msemaji mkubwa. Mimi kazi yangu ni ya cherehani, niko barazani kutwa, na kila apitaye ana neno la marehemu. Mzee wa tumbaku ananiambia marehemu alisema washambuliwe mapema kabla hawajazoea uwanja. Muuza samaki ananiambia marehemu alisema wangojewe mpaka wachoke. Wote wawili aliwaambia peke yao, faraghani, akawashika mkono. Wiki iliyopita mtu mmoja kutoka Namatala alinieleza aliyoyasema marehemu kuhusu kucheza chini ya taa za umeme. Shemeji, baba yako alikufa akitumia kibatari.

6. Golikipa. Hapa naomba usome polepole. Unakumbuka marehemu alivyokuwa akichagua golikipa. Mwaka wa imbalu ukifika, ngoma za kadodi zikianza, yeye alizunguka vijijini, anasimama nyuma ya umati, anatazama vijana wanavyotahiriwa. Aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, bila kutingisha hata kidole cha mguu, huyo marehemu alimngojea apone, kisha akampa goli. Kamati ikaamua utaratibu usibadilike. Mwaka juzi ulikuwa wa imbalu, mkanituma nikatafute. Nikampata Geresom wa kule Wanale, na kwa kweli sijaona kijana aliyesimama vile. Wazee walilia. Mjomba wake alimpa ng'ombe. Nikamleta, nikampa goli. Na amesimama vile vile. Mpira unakuja, Geresom anautazama usoni kwa ushujaa, mpira unapita, Geresom hatingishiki. Nikimwambia aruke, ananitazama kama ninayemtaka alete aibu kwa ukoo. Aliniambia, "Mwalimu, baba yangu alinifundisha jambo moja tu maishani, nisisogee. Sasa wewe unataka nisogee mbele ya watu?" Magoli mengi tuliyofungwa msimu huu yamepita kando ya kijana shujaa kuliko wote Bugisu.

7. Kuhusu leo. Watu husema, "Angekuwapo Wamboga." Sawa. Basi na tumlete. Nimejilaza kitandani nikamfufua, Mungu anisamehe, nikampa timu hii ya mwaka huu, nikamtazama afanyavyo. Na ninakuandikia nilichokiona kwa adabu zote za mkwe.

Nilimwona akiamka Jumatatu, anawaambia vijana wapande Wanale mbio mpaka juu na kurudi kabla ya uji. Zamani sisi tulipanda. Hatukuuliza kuna nini huko juu, tulijua hakuna kitu. Kijana wa leo atamwuliza kama kuna lori. Mwingine atamwambia anafanya zamu kwenye kiwanda cha kahawa, aandikiwe barua kwa msimamizi. Marehemu hakujua kuandika barua. Alijua kutazama, na siku zile kutazama kulitosha.

Atawakataza viatu. Alikuwa akisema mguu unaona na kiatu ni kipofu, na kwa wakati wake ilikuwa kweli, kwa sababu na wale wa Jinja walikuwa pekupeku. Leo Jinja wamevaa viatu vyenye njumu, wote, hata wa akiba. Mguu unaona, ndiyo. Unaona kiatu kinavyokuja.

Atawalisha malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga usiku wa kuamkia mechi, kama alivyotulisha. Nami sina neno baya juu ya malewa, dada yako anayapika vizuri kuliko mama yenu, usimwambie nani kasema. Lakini Jinja wanakula mayai na nyama kantini ya kiwandani, na wana bwana anayewapima vifua kwa utepe, kama mimi ninavyompima bwana harusi.

Halafu yale mabao yake ya dakika za mwisho. Mji mzima unasema Wamboga alikuwa na siri, timu yake haikufa mpaka kipenga kilie. Shemeji, ninakuambia hili kama ndugu, na uliweke. Golikipa wa Jinja wa siku zile alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa reli. Jua likianza kuinama, bwana wake anataka chai, na mpishi alikuwa anaiogopa chai kuliko kikombe. Alikuwa akiondoka kimya kimya kabla mechi haijaisha, anaacha kofia yake kwenye mlingoti ili aonekane yupo. Ndiyo maana marehemu alikuwa akipoteza muda mpaka jioni, akijifanya anatafuta mpira kwenye nyasi. Lile bao ambalo watu huliimba mpaka leo, nililofunga mimi kwa mguu wa kushoto, nililifunga mbele ya kofia tu. Golikipa wa Jinja wa leo hapiki. Ana mke.

Kwa hiyo ninasema kwa masikitiko kwamba marehemu akifufuka leo, baada ya mechi tatu atakuwa anakaa barazani pamoja nami akitia vifungo. Na kamati hii ingemwita Ijumaa. Na mtu mmoja angesimama nyuma na kusema, "Angekuwapo Wamboga."

8. Nyumbani. Nitasema kidogo, kwa kuwa ni dada yako. Siku tukifungwa Khainza hanikaripii. Ananitengea chakula, anakaa, anatazama mlango, kisha anasema taratibu, "Baba siku kama hii asingekula." Basi naacha chakula. Nimepungua, kanzu nimeibana mara mbili tangu Ramadhani. Sina zaidi.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa maombi yangu, na nimeyapanga kuanzia jepesi.

La kwanza, ninaomba kamati imwachishe kazi marehemu. Iwe kwa heshima kubwa, kwa barua nzuri yenye muhuri wa klabu, ikisomwa kaburini baada ya dua, wewe ukiwa mbele kama mwanawe. Nitashona mimi mwenyewe kitambaa cha kufunika kiti, bila malipo, kikawekwe sebuleni kwako.

La pili, kama kamati haina moyo wa kumwachisha, basi imwajiri. Iandikwe wazi kwamba mwalimu wa timu ni marehemu Wamboga na kwamba mimi ni msaidizi wake. Lakini akiwa mwalimu abebe yote ya ualimu. Ijumaa kiti kiletwe mkutanoni, kiwekwe mbele ya kamati, kiulizwe kwa nini tulifungwa na Tororo. Mtakaa mkingoja jibu, nami nitakaa nyuma, nikiwa msaidizi. Na kama ni kufukuzwa kwa ajili ya Bwana Magidu, afukuzwe mwalimu. Sijapata kuona klabu inayofukuza msaidizi na kumbakiza mwalimu aliyeshindwa.

La tatu ndilo ninaloliona la hekima zaidi, limenijia nikiwa kwenye sala, ingawa najua si mahali pake. Tuwape Jinja kiti. Tuwape zawadi, kwa unyenyekevu, kama alama ya udugu wa miji miwili. Watakipokea kwa nderemo. Watakiweka pembeni mwa uwanja wao, watakifungulia mwavuli. Msimu hautakwisha kabla wazee wa sokoni Jinja hawajaanza kumweleza mwalimu wao jinsi Wamboga alivyokuwa akifanya. Watamchagua golikipa asiyesogea. Watavua viatu. Watapanda mlima, na Jinja haina mlima, watalazimika kuja kupanda wetu. Hapo, shemeji, kikombe kitarudi Mbale chenyewe kwa miguu, na marehemu atakuwa ametushindia kweli mara ya kwanza tangu afariki.

Nakuomba uyasome haya mbele ya kamati kabla hawajapiga kura. Mimi sina cheti. Sina ubao. Nina timu hii tu, na baada ya sala na nyumba yangu sina kitu kingine ninachokiamkia. Wakiichukua, nitabaki na cherehani na wapita njia.

Wasalimie mama, watoto wote, katibu na mguu wake mgonjwa, mzee wa tumbaku ukimpita, na Sheikh. Mwambie sikumtaja marehemu kwa ubaya, nimemwombea uhamisho tu.

Mimi shemeji yako na mtumishi wa klabu katika yaliyo ya haki,

Sulait, fundi cherehani,
Mwalimu wa timu (msaidizi, ikiwa ombi la pili litakubaliwa)

T.B. Jumapili, 17 Agosti.

Shemeji, barua hii ilikaa mfukoni. Ijumaa nilikuja kwako nikaambiwa umekwenda Wanale kwa wajomba kwenye imbalu, na nyuma ya ngoma zile za kadodi hata kama ningekusomea usingesikia. Nikaona niiweke mpaka urudi. Sasa ninaongeza yaliyotokea Jinja, kwa sababu najua utakuwa umeshasimuliwa vibaya.

Tulisafiri na lori la Balwant Singh, kiti kimefungwa juu kabisa kama kawaida. Tulipofika msitu wa Busitema gurudumu likapasuka. Balwant akakishusha kiti ili apate jeki, akakiweka kando ya barabara kwa heshima, kikitazama njia, kwa kuwa na yeye anamheshimu mzee. Gurudumu likabadilishwa, tukapanda, tukaimba, tukaondoka. Tuliposhuka Jinja ndipo Geresom akauliza, "Mwalimu yuko wapi?" Nikamwambia, niko hapa. Akasema, "Hapana. Mwalimu."

Nilipofahamu kwamba kiti kimebaki msituni, Mungu anajua nilivyojisikia. Nilisema innalillahi kwa mdomo na alhamdulillahi kwa moyo. Nikaenda nikasimama nilipotaka. Niligeuka huku na huku kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikaona magoli yote mawili kwa wakati mmoja. Na kipenga kilipolia nikawaita vijana kwa sauti ile ya alfajiri, kubwa, mpaka Wahindi wakatoka madukani.

Ikawa balaa. Kila nilipoita, timu nzima ilisimama kunitazama. Hawakuwahi kunisikia. Beki wa kulia alidhani kuna moto. Geresom, ambaye hajapata kugeuza kichwa maishani mwake, alikigeuza, na ndipo bao la kwanza likaingia. La pili liliingia nikimwambia asiwe anageuka. Wakati wa mapumziko nahodha alinijia kwa adabu, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, tafadhali nong'ona kama siku zote. Ukinong'ona tunajua la kufanya."

Shemeji, nikatazama uwanja. Bwana Magidu alikuwa upande wa pili na ubao wake, ananihurumia. Nikaenda duka la karibu, la Bwana Ranjan, nikaazima kiti cha kukalia wateja, nikakiweka kwenye kona, nikakitandikia koti langu. Kisha nikawageukia vijana, na maneno haya yalinitoka mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi: "Angekuwapo Wamboga, mngecheza hivi?"

Wakakiamkia kiti cha Ranjan, wakaingia.

Nilinong'ona kipindi chote, nimekielekea kiti. Bao letu la kwanza sikuliona. La pili nililijua kwa kelele. La tatu lilikuja upande wangu, winga wetu wa kushoto, nililiona lote, na golini palikuwa na mtu, si kofia. Jua lilipokuwa linainama Jinja wakapewa penalti. Mpigaji alimtazama Geresom, Geresom akamtazama mpigaji, hakupepesa, hakusogea hata kidole. Yule kijana wa Jinja hakuweza kuyahimili yale macho. Alipiga katikati, mpira ukamgonga Geresom kifuani ukarudi, naye bado amesimama. Kikombe kiko nyumbani kwangu, kwenye meza ya cherehani, hadi utakapokuja kukichukua.

Tulirudi Busitema na taa za lori. Kiti kilikuwa pale pale. Mama mmoja muuza mihogo alikuwa amekaa chini kando yake, si juu yake, akikilinda. Akasema, "Nilijua mzee atarudi. Nilidhani ameingia kichakani mara moja." Hakuna aliyemsahihisha. Tulinunua mihogo yote.

Nilipofika nyumbani nilikula, na Khainza akakaa. Nikamweleza habari ya kiti na mgongo, yote niliyokuandikia. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. Akasema, "Hujui kwa nini baba alikaa kwenye kona ile? Kipindi cha pili winga wa kushoto anakuja upande ule. Alikuwa anakutazama wewe. Alirudi nyumbani siku moja akamwambia mama, huyu kijana anakimbia bila kuulizwa, na ana macho ya heshima, mimi nitampa Khainza." Miaka yote hii ninasimama pale nikijiuliza kwa nini kamati ilikiweka mahali pabaya vile.

Kwa hiyo naomba barua yote ya juu, kuanzia Assalamu alaikum hadi jina langu, uichukulie haikuandikwa. Nisingependa kuichana kwa sababu nimeiandika vizuri. Kiti kisiachishwe kazi, kisiulizwe chochote, na Jinja wasipewe hata msumari wake.

Ombi langu moja tu lipelekwe Ijumaa. Azimio linasema kiti kiwepo mpaka kikombe kirudi. Kikombe kimerudi, na nimesikia katibu anataka kukiondoa. Nakusihi, libadilisheni. Tena nimeshasema na Balwant Singh juu ya kiti cha pili, cha mvule, chembamba kidogo, nami nimempa vipimo. Si cha sasa. Ni cha siku nitakayokuwa nimelala kando ya baba yako. Kiwekwe karibu na chake, hatua moja nyuma kwa heshima, kwenye kona ile ile. Na yeyote atakayekuja baada yangu, hata akiwa na cheti, hata akiwa na ubao, aambiwe asikipe mgongo.